Treni za Seoul: Wazee hawalipi nauli, na deni halina mwenyewe

Msongamano wa asubuhi unapokwisha na wafanyakazi wa ofisini wakiwa wamekwisha kufika makazini, sura ya abiria katika Njia Namba 1 ya treni za chini ya ardhi mjini Seoul hubadilika. Wanaobaki mabehewani, kwa wingi, ni wazee. Wapo wanaoshuka katika kituo cha Jongno 3-ga, katikati ya jiji, na kutembea hadi bustani ya Tapgol, ambako wazee wa kiume wamezoea kukutana kwa miaka mingi. Wapo wanaoendelea mbali kusini hadi Onyang kuoga katika chemchemi za maji moto, kisha wakarejea kabla ya giza. Wapo pia walio kazini: wamebeba mashada ya maua, meno ya bandia, nyaraka za ofisi au simu iliyosahauliwa mkahawani, na huvipeleka kwa wenyewe kwa malipo madogo. Kazi hiyo ya wazee wa vifurushi inawezekana kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba abiria aliyetimiza miaka 65 hupanda treni bure.

Haki hiyo ndiyo inayobishaniwa sasa nchini Korea Kusini. Tarehe 28 Juni 2025 nauli ya msingi ya treni katika Seoul na viunga vyake ilipanda kutoka won 1,400 hadi 1,550, zaidi kidogo ya dola moja ya Marekani. Ilikuwa mara ya pili katika kipindi kisichofika miaka miwili, kwani Oktoba 2023 ilikuwa imepandishwa kutoka won 1,250. Kijana anayelipa nauli hiyo, huku mzee aliye mbele yake akipita langoni bila kutoa hata senti, amekwisha kusikia kwamba shirika la Seoul Metro, linaloendesha Njia Namba 1 hadi 8 ndani ya jiji, lilipata hasara ya zaidi ya won bilioni 700 katika mwaka 2024. Shirika lenyewe halichoki kumkumbusha kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokana na wasiolipa.

Sheria ya nchi iliyokuwa changa

Usafiri wa bure kwa wazee ulianza Mei 1984, wakati wa Rais Chun Doo-hwan, jenerali aliyetwaa madaraka kwa nguvu. Wakati huo treni za chini ya ardhi za Seoul zilikuwa hazijafikisha miaka kumi: kipande cha kwanza, chenye urefu wa kilomita 7.8 kati ya Kituo cha Seoul na Cheongnyangni, kilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1974. Wakorea waliofikisha miaka 65 walikuwa takriban asilimia 4 ya wananchi wote. Kuwasamehe nauli kulikuwa jambo dogo kwa hazina, na katika jamii ambayo kijana huinuka kumpisha mzee bila kuambiwa, hapakuwa na wa kupinga.

Desemba 2024 wizara ya mambo ya ndani ilitangaza kwamba waliofikisha umri huo wamevuka asilimia 20 ya wakazi walioandikishwa. Ni watu zaidi ya milioni 10. Kanuni imebaki ileile, lakini nchi si ileile tena.

Kinachoufanya ubishi huu uwe mgumu ni kwamba usafiri wenyewe ni mzuri. Mgeni anayefika Seoul hana haja ya kuuliza njia mara mbili. Hununua kadi ya kuchaji katika duka lolote la mtaani, huigusisha kwenye mashine anapopanda na anaposhuka, na kadi hiyohiyo humtoa kwenye treni na kumwingiza kwenye basi bila kulipa nauli mpya, mradi abadilishe chombo ndani ya dakika 30, au saa moja nyakati za usiku. Mpango huo ulianza tarehe 1 Julai 2004, wakati meya wa jiji alikuwa Lee Myung-bak, ambaye baadaye alikuja kuwa rais. Kabla ya hapo kampuni binafsi za mabasi zilikuwa zikigombania abiria barabarani kwa namna ambayo mkazi wa mji mwingine wowote wenye mabasi ya watu binafsi anaijua vyema. Baada ya hapo jiji lilichukua upangaji wa njia na nauli, likayapaka mabasi rangi kufuatana na kazi zake (ya buluu huvuka jiji, ya kijani hulisha vituo vya treni, mekundu huja kutoka miji ya jirani), na likaahidi kuzifidia kampuni hizo pale mapato yanapopungua kuliko gharama.

Neno la maana hapo ni kufidia. Tangu mwaka huo, abiria wa Seoul analipa sehemu tu ya safari yake, na sehemu iliyobaki hulipwa na jiji au huandikwa kuwa deni. Msikilizaji wa Tanzania anazifahamu treni za umeme zinazokwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam, zilizoundwa na kampuni ya Hyundai Rotem, ambayo huunda pia treni za miji ya Korea. Behewa hununuliwa mara moja. Kulitembeza kila siku kwa nauli ambayo maskini ataimudu ni gharama isiyokwisha, na hiyo ndiyo iliyoifikisha Seoul hapa ilipo.

Nani alipe?

Jibu la jiji ni fupi: alipe aliyeamuru. Usafiri wa bure kwa wazee, watu wenye ulemavu na waliotumikia taifa umo katika sheria na amri za serikali kuu, na kwa hiyo, wanasema viongozi wa jiji, serikali kuu ndiyo inayopaswa kubeba mzigo. Hoja hiyo ina nguvu yake. Shirika la reli la taifa, Korail, ambalo baadhi ya treni zake hupita katika njia zilezile za Seoul, hulipwa na serikali kuu sehemu ya nauli za wazee. Seoul Metro hailipwi. Mzee anayesafiri kutoka Jongno hadi Onyang anaanzia kwenye reli ya shirika moja na kumalizia kwenye reli ya jingine, wala hahisi mpaka wowote, lakini katika vitabu vya hesabu safari yake ina sehemu yenye mlipaji na sehemu isiyo naye.

Wizara ya fedha nayo hujibu kwamba treni za mji ni mali ya mji. Mkulima wa kijiji kisicho na reli hawezi kutozwa kodi ili mzee wa Seoul apande bure. Miswada ya kutaka serikali kuu ichangie imepelekwa bungeni mara nyingi na kuishia huko.

Hata hivyo, kuwarundikia wazee hasara yote si haki. Nauli ya treni ilikaa palepale tangu 2015 hadi 2023, miaka minane ambayo mishahara na bei ya umeme havikusimama kuisubiri, kwa kuwa kila meya aliogopa kura. Tena treni inayoondoka saa nne asubuhi ingeondoka hata kama wazee hao wangebaki majumbani. Viti vyao visingekaliwa na abiria wa kulipa, vingekuwa vitupu. Kila mzee anapohesabiwa kama nauli kamili iliyopotea, inachukuliwa kwamba angesafiri vilevile kama angetakiwa kulipa. Wengi wasingesafiri.

Na mwaka huohuo ambao jiji lilikuwa likilalamikia hasara, Meya Oh Se-hoon alizindua punguzo jingine. Tangu tarehe 27 Januari 2024, Kadi ya Tabianchi humwezesha mkazi kupanda treni na mabasi ya jiji bila kikomo kwa won 62,000 kwa mwezi, au 65,000 akitaka na baiskeli za kukodi za jiji. Abiria wameipenda, na kwa haki. Lakini pengo lake la mapato hugawanywa kati ya jiji na mashirika ya usafiri, yaani Seoul Metro ileile. Punguzo la kijana huitwa sera ya mazingira. La mzee huitwa hasara.

Kadi hiyo pia imeonyesha kwamba jiji la Seoul ni dogo kuliko maisha ya watu wake. Haikubaliwi katika mabasi mekundu wala katika njia ya Sinbundang inayoendeshwa na kampuni binafsi, na miji ya jirani imejiunga mmoja baada ya mwingine kwa makubaliano ya pekee. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni, ambako Wakorea hujifunza Kiswahili tangu miaka ya 1980, kina kituo chenye jina lake kwenye Njia Namba 1, lakini masomo ya Afrika yapo katika kampasi yake ya Yongin, nje ya jiji. Mwanafunzi anayeishi Seoul na kwenda huko kwa basi jekundu atalipa nauli nyingine juu ya kadi yake ya mwezi.

Lifti iliyopiganiwa na wengine

Katika vituo vya Seoul foleni ndefu ya kulipita lango huwa ya vijana, na foleni ndefu ya lifti huwa ya wazee. Ni wachache kati yao wanaokumbuka lifti hizo zilivyopatikana. Januari 2001, katika kituo cha Oido, kusini magharibi mwa Seoul, chombo cha kupandishia viti vya magurudumu kilianguka na kumuua mwanamke mzee. Baada ya hapo watu wenye ulemavu walijifunga minyororo kwenye reli na kufunga barabara wakidai lifti katika kila kituo. Jiji liliahidi, muda ukapita, likaahidi tena. Tangu Desemba 2021 wanaharakati hao wamekuwa wakipanda treni kwa pamoja saa za msongamano na kuzichelewesha, hali iliyowaletea mashtaka, kuondolewa kwa nguvu vituoni na hasira ya abiria wengi.

Ni hasira inayoeleweka kwa mtu anayechelewa kazini. Lakini matunda ya madai hayo yanatumiwa kila siku na mama anayesukuma kigari cha mtoto, na zaidi ya wote na mzee yule asiyelipa nauli. Pia ni katika lifti ambapo uhaba wa fedha huonekana kwanza, zinapochakaa na kungoja matengenezo.

Namba nyingine badala ya 65

Mapendekezo hayakosekani. Januari 2024 mwanasiasa Lee Jun-seok, kiongozi wa chama kipya cha Mageuzi, alitaka usafiri wa bure ufutwe na kila mzee, awe wa mjini au wa kijijini, apewe won 120,000 kwa mwaka za kutumia katika chombo chochote, na zikiisha apate punguzo. Jumuiya ya Wazee ya Korea ilimjia juu. Hoja yake kuhusu vijiji haikuwa ya kupuuzwa: wazee wengi wa Korea wanaishi kusiko na reli, na haki yao ya mwaka 1984 haijawahi kuwafikisha popote. Baadhi ya wilaya zimejitatulia zenyewe. Cheongsong, wilaya ya milimani katika mkoa wa Gyeongsang Kaskazini, tangu Januari 2023 haimtozi nauli ya basi mtu yeyote, hata mgeni.

Kwa mzee wa vifurushi, hata hivyo, hesabu ni kali. Kwa nauli ya sasa won 120,000 ni safari 77. Akienda na kurudi mara moja tu kwa siku, zinakwisha kabla ya siku ya arobaini, na kazi yake haina maana tena, kwa kuwa nauli itakula ujira. Korea Kusini ni miongoni mwa nchi tajiri duniani, lakini karibu wazee wanne kati ya kila kumi wanaishi katika umaskini kwa kipimo cha shirika la OECD, kiwango cha juu kabisa miongoni mwa wanachama wake. Pensheni ya taifa ilianza mwaka 1988 na iliwakuta wengi wao wakiwa wamekwisha kuchelewa. Kwa watu hao kadi ya treni ni sehemu ya kipato.

Sauti ya kushangaza zaidi ilitoka kwa wazee wenyewe. Oktoba 2024 Lee Joong-keun, tajiri wa ujenzi, aliposhika uongozi wa Jumuiya ya Wazee, alipendekeza umri wa uzee upandishwe mwaka baada ya mwaka kutoka 65 hadi 75. Vyombo vya habari vilimsifu kwa ujasiri. Wapo waliokumbusha kwamba wafanyakazi wengi wa nchi hiyo hulazimika kustaafu wakiwa na miaka 60, na kwamba mtu asiye na mshahara wala pensheni ya kutosha hawezi kuambiwa angoje miaka kumi na mitano kabla ya kuitwa mzee.

Mji wa Daegu haukungoja mjadala uishe. Tangu Julai 2023 umri wa kupanda treni bure huko unapanda kwa mwaka mmoja kila mwaka, na umri wa kupanda basi bure, ulioanzia miaka 75, unashuka kwa kipimo hichohicho, hadi vyote vikutane katika miaka 70 mwaka 2028. Aliyepoteza treni amepata basi, na huenda ndiyo sababu kelele zilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Seoul, ambako mzee hulipa nauli kamili katika basi, haina cha kubadilishana naye isipokuwa kwa kuongeza gharama nyingine. Uchaguzi wa mameya na magavana ulipangwa kufanyika Juni 2026, na wapiga kura wanaojitokeza kwa uaminifu zaidi ni wale wenye kadi ya bure. Namba inayotumika langoni ni ile ya mwaka 1984.