Chenji ya safari isituozee majumbani



Nina dukuduku langu kuhusu fedha za kigeni zinazotubakia wananchi mwisho wa safari.

Mimi ni mchuuzi, nami huvuka mara kwa mara mpaka wa Sirari kwenda Migori na Kisumu, nchini Kenya. Tunaporudi, kila mmoja wetu huwa na noti mbili tatu na sarafu za shilingi 5, 10 na 20 za huko. Noti hupokewa kwenye maduka ya kubadilishia fedha, lakini sarafu hukataliwa. Katika duka moja nilipouliza sababu, karani alinijibu kwa mkato kwamba yeye hanunui vyuma. Basi sarafu hizo huishia ndani ya kopo nyumbani.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo. Sikubaliani nao. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mchuuzi wa dagaa chenji hiyo ni nauli. Tena fedha iliyofichwa haikai milele. Juni 1, 2019 Kenya ilitangaza noti mpya, na Oktoba 1 mwaka huo huo noti za zamani za shilingi 1,000 zikakoma kuwa fedha halali. Aliyeziweka chini ya godoro akingojea safari nyingine alibaki na karatasi.

Wazee wetu hawakuijua adha hii. Mpaka mwaka 1966, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanza kutoa kila moja shilingi yake, chenji ya Kisumu ilinunua chumvi Musoma. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala Novemba 2013, lakini fedha moja iliyotarajiwa mwaka 2024 imesogezwa hadi 2031. Je, mpaka hapo tuendelee kujaza makopo?

Wasafiri wenzangu nawashauri siku ya mwisho walipe nauli na chakula kwa sarafu kwanza, noti zibaki. Kitakachosalia kinunue sabuni kabla ya kuvuka.

Lakini mwananchi peke yake hawezi kulimaliza tatizo hili. Sheria inataka fedha za kigeni zibadilishwe na wenye leseni tu, na wenye leseni ndio hao wanaozikataa sarafu. Kwenye uwanja wa ndege naweza kuelewa, maana kusafirisha vyuma hadi Ulaya ni gharama. Hapa Sirari, Kenya iko ng'ambo ya pili tu! Naziomba Benki Kuu za nchi zetu mbili zikubaliane liwepo dirisha mpakani la kupokea sarafu, hata kama ni siku moja kwa wiki.

Wanaohusika walitazame jambo hili. Mtu mdogo naye ana haki ya kurudi nyumbani na jasho lake lote.

Mchuuzi,
Musoma.