Kosa Haliko Kwenye Simu

Jirani yangu hapa Lorugum, Turkana, ana binti aliyemaliza kidato cha nne. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, yule binti huketi chini ya mwarobaini, akaegemeza simu kwenye jerikeni ya maji, akashika kioo kidogo mkono wa kushoto na brashi mkono wa kulia. Anajifunza kupaka mekapu. Wanaopita njia ya sokoni humtupia maneno, na maneno hayo ndiyo niliyotupiwa mimi nilipoanza, mahali hapa hapa. Leo mimi hupamba maharusi Lorugum na Lodwar, na sikuwahi kukaa darasa la urembo hata siku moja. Nataka kuyajibu. Palipo na ukweli nitaukubali, na pasipo na ukweli nitasema.

La kwanza ni lile la wazee: "Hii si mila yetu, ni mambo ya wazungu." Poda ya kwenye kikopo kweli ilitoka mbali. Lakini nani alituambia kwamba Mturkana hakujua kujipaka rangi? Emunyen, udongo wa rangi, uko katika sherehe na katika tiba zetu tangu kabla ya duka la kwanza Lodwar. Wanawake walichanganya udongo mwekundu na mafuta ya mifugo wakajipaka, shingo zikabeba shanga kutoka mabegani hadi kidevuni. Wanaume walijengewa kilemba cha udongo kichwani, kikapakwa rangi, kikachomekwa manyoya ya mbuni, na usiku wakalalia kigoda kisiharibike. Tangu mwaka 2014 kaunti imekuwa ikiandaa tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar, na tunawapigia makofi waliojipamba hivyo. Halafu tukirudi nyumbani tunamkemea msichana mwenye brashi.

Nyanya yangu aliponiona mara ya kwanza nimejipaka, aliniuliza, "Hiyo inakaa siku ngapi?" Nikamjibu, "Nyanya, jioni naitoa." Akaushika uso wangu, akausugua kwa kidole gumba, akanusa. "Basi mafuta yako hayana nguvu, mwanangu." Hakuona jambo geni, aliona mafuta mabaya. Naye alijifunza kwa kumtazama mamake akichanganya, bila daftari wala mwalimu aliyelipwa.

Hapo ndipo linapokuja neno la pili: "Video haifundishi mtu. Ufundi ni wa chuoni." Mtandao wa YouTube ulianza mwaka 2005. Miaka miwili baadaye kijana mmoja wa Marekani mwenye asili ya Vietnam, Michelle Phan, alianza kuweka video za kujipamba alizojirekodia mwenyewe, na mamilioni ya watu wakajifunza kwake. Hapa Kenya tunaye Joanna Kinuthia, aliyejulikana kwa video zake za urembo kabla ya kuwa na vipodozi vyenye jina lake. Anayesema njia hii haifundishi inabidi atueleze hao wamefundishwaje.

Lakini nakubali jambo moja, na ni zito. Mwalimu wa darasani hukushika mkono akasema, "Hapana, umebonyeza sana." Video haikuoni. Ukikosea, yenyewe inaendelea tu, nawe unaendelea na kosa lako hadi linakuwa mazoea. Dawa niliyoipata ni kujipiga picha mlangoni, uso ukiangalia nje, bila kichujio cha kulainisha ngozi, kisha kuilinganisha picha ya leo na ya juma lililopita. Na usijifunze uso mzima kwa siku moja. Mimi nilikaa na nyusi peke yake karibu mwezi mzima. Jihadhari pia na kamera ya mbele: video nyingi zimegeuzwa kama kioo, na anayefuata kwa macho tu hupandisha nyusi ya kulia akidhani ni ya kushoto.

Wanaosema data ni ghali wako sahihi, ila hesabu yao wanaipiga vibaya. Binti anatazama video kumi kwa ubora wa chini kabisa, ule wa 144, ili bando lisiishe. Kwa ubora huo huwezi kuona rangi mbili zinavyoyeyushwa zikawa moja, na huo ndio ufundi wenyewe. Afadhali video moja fupi, ubora wa 480, uipakue, uitazame mara ishirini bila mtandao.

"Na kazi iko wapi?" Hili nitalijibu kwa haraka kwa sababu jibu lake liko wazi. Harusi zipo, mahafali yapo, picha za kampeni zipo. Huko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, ripoti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ya mwaka 2018 ilihesabu biashara zaidi ya 2,000 ndani ya kambi na mji wake, na yeyote aliyetembea kambini ameziona saluni. Anayetaka karatasi ya kumwonyesha mwajiri, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mtihani wa ufundi kuanzia daraja la tatu, kazi za saluni na urembo zikiwemo, na waliojifunzia mikononi huufanya.

Sasa neno la tano, ambalo naliheshimu kuliko yote: "Hizo video si za ngozi yetu." Ni kweli nusu, na hiyo nusu imeharibu nyuso nyingi. Sisi ni weusi hasa. Kwa miaka mingi kampuni kubwa zilitengeneza fondesheni nyingi za ngozi nyeupe, kisha zikamalizia na rangi mbili tatu za kahawia kana kwamba Afrika nzima ni mtu mmoja. Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka Septemba 2017 na rangi 40, ilikuwa habari ya dunia, na ilifika Kenya rasmi Mei 2022. Kabla ya hapo Suzie Wokabi alikuwa ameanzisha SuzieBeauty hapa nchini akiwafikiria wanawake wa hapa. Hata hivyo kikopo kinachofika duka la Lorugum mara nyingi ni kile ambacho Nairobi imekikataa, na msichana hukinunua kwa sababu ndicho kilichopo. Anafuata video hatua kwa hatua, anatoka na uso wa kijivu na shingo nyeusi, watu wanacheka, anaamini yeye ndiye hakujua.

Ulikuwa na mkono mzuri, dada, ila rangi haikuwa yako. Jaribu fondesheni kwenye taya, mahali uso unapokutana na shingo, usijaribu kwenye kifundo cha mkono. Toka nje. Subiri dakika kumi, maana nyingi hubadilika zikishakauka. Ikipotea machoni, hiyo ni yako. Ikibaki kama vumbi, irudishe. Ukiwa na mbili, moja iliyozidi weusi na moja iliyopungua, zichanganye nyuma ya kiganja. Hakuna sheria inayosema rangi lazima itoke kwenye kichupa kimoja. Weusi wa chini ya macho usiufunike kwa rangi nyeupe kama wanavyofanya kwenye video za ngozi nyepesi. Kwetu, anza na tone la rangi ya chungwa au nyekundu, hata lipstiki nyekundu iliyopakwa kidogo sana kwa ncha ya kidole, ndipo uweke fondesheni juu. Na poda nyeupe ile inayosemwa haina rangi, ipake kidogo mno: taa ya kamera ikimulika, bibi harusi anatoka kwenye picha kama amepuliziwa unga.

Eneo letu nalo lina masharti yake. Lodwar joto hufika digrii 35 karibu kila mwezi, na mvua ya mwaka mzima ni milimita 200 hivi. Video za Lagos au Mombasa zinapigana na unyevu: poda, tena poda. Hewa yetu ni kavu. Ukirundika poda hapa, kufikia saa sita uso umepasuka kama udongo wa mto uliokauka. Paka mafuta mepesi kwanza, yaache yaingie, kisha poda kwenye paji la uso na pua tu. Na hakuna video iliyowahi kuniambia kwamba lipstiki huyeyuka ndani ya nyumba ya mabati. Vitie vipodozi vyako kwenye chungu, ukifunike kwa kitambaa kilicholowa, ukiweke kivulini penye upepo. Hewa kavu inayotukausha ngozi ndiyo inayokipoza chungu.

"Mekapu inaharibu ngozi." Hili husemwa na kina mama, na mara nyingi wameona kwa macho yao mtu aliyeharibika. Waulize aliharibika na nini. Utasikia krimu ya kung'arisha, na krimu hiyo si mekapu. Fondesheni hukaa juu ya ngozi na jioni inatoka kwa mafuta ya kupikia, kitambaa safi na sabuni. Krimu ya kung'arisha inaingia ndani kuibadilisha ngozi yenyewe. Zenye zebaki huumiza figo. Zenye haidrokwinoni zikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huacha mabaka ya bluu na weusi usiotoka. Kenya imezipiga marufuku kwa miaka mingi, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliziwekea nchi zilizouridhia tarehe ya mwisho, 2020, kwa krimu za zebaki. Bado zinauzwa. Nimeziona kwenye meza za soko karibu na wanja na lipstiki, kwenye vikopo visivyo na jina, visivyo na orodha ya vilivyomo, visivyo na alama ya Shirika la Viwango. Kikopo kikiwa kimeandikwa calomel, mercurio au Hg, kiache pale pale. Kisichoandikwa chochote, kiache pia.

Hapa nina hasira na baadhi ya wanaofundisha kwenye video. Wanaanza na nyusi, wanamalizia na ndimu na dawa ya meno "kutoa weusi". Ndimu ikipigwa na jua inaweza kuunguza ngozi, na Turkana jua halikosekani. Ajuma Nasenyana alizaliwa Lodwar, akapanda majukwaa ya mitindo ya Ulaya na Marekani kwa weusi wake ule ule, na amesema hadharani dhidi ya biashara ya kuwang'arisha Waafrika. Msichana wa Turkana asikubali kufundishwa na simu kwamba rangi yake ni doa la kuondolewa.

Neno la mwisho halitoki kwa wazee wala kina mama. Linatoka kwetu wenyewe tunaojifunza: "Ni mambo ya nyumbani tu, tuazimane." Wanja mmoja kwa wasichana sita. Sponji moja bweni zima. Maskara ya dada, ya shangazi, ya bibi harusi na wasimamizi wake. Mimi niliazima wanja harusini mwaka wangu wa kwanza, nikaamka jicho limegandishwa na tongo, na kwa siku nne sikuweza kutazama mwanga.

Turkana ni mojawapo ya maeneo ya Kenya yaliyosumbuliwa kwa muda mrefu na trakoma, ambayo wengine huiita vikope. Ni ugonjwa wa bakteria. Huenezwa na majimaji ya jicho na pua, kwa vidole, kwa vitambaa vinavyotumiwa na wengi, kwa nzi. Mtu akiambukizwa tena na tena, ndani ya kope panatokea makovu, kope zinajikunja kuelekea ndani, nywele zake zinakwaruza jicho kila anapopepesa, na mwisho ni upofu. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa nao hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio walio karibu na watoto, na watoto ndio wenye maambukizi mengi. Kijiti cha wanja kilichogusa jicho gonjwa ni sawa na kile kitambaa. Mpwa wako wa miaka mitatu anayechezea mfuko wako wa vipodozi anaweza kukupa ugonjwa huo, nawe ukampa bibi harusi.

Kwa hiyo kila mtu na wanja wake. Ukimpamba mwingine, chonga penseli kwanza ncha ya juu itoke, na maskara uichukue kwa kijiti cha kutupa, usikirudishe kichupani mara ya pili. Brashi huoshwa kwa sabuni ya mche. Kikombe nusu cha maji kinatosha brashi tano, kisha zianike juani. Maskara ikimaliza miezi mitatu itupe, hata kama imebaki. Na ule wanja wa jiwe wa kwenye vipakiti, mara nyingi una risasi, usimpake mtoto mchanga hata nyanya akisisitiza.

Jicho likiwasha, likitoa tongo au likiogopa mwanga, usipake kitu. Nenda hospitali ya hapa Lorugum likaangaliwe.