Kona ya Wahandisi: Nyoka wa Orkney

Mwanachama mmoja kaniuliza swali tunaloulizwa sana sisi tunaosoma uhandisi hapa Edinburgh: ikiwa bahari ya Uskoti haitulii, mbona mashine za umeme wa mawimbi hatuzioni? Mitambo ya upepo imejaa vilimani. Ya mawimbi iko wapi?

Wengi hujibu upesi kwamba teknolojia ilishindikana. Mimi sikubali.

Kazi ilianzia chuoni hapa hapa. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, Stephen Salter alibuni chombo kinachoelea na kutikisa kichwa kila wimbi linapopita. Wakakiita bata. Fedha za serikali zikapunguzwa mwaka 1982, na bata wa ukubwa kamili hakuwahi kuingia baharini.

Kisha ikaja Pelamis, kutoka kampuni ya mjini humu. Jina ni la nyoka wa baharini, ambaye hata Bahari ya Hindi yumo. Ilikuwa mabomba manne ya chuma yaliyoungwa kwa viungo, urefu wa mita 120, yakielea kichwa kikiyaelekea mawimbi. Wimbi likiinua bomba moja huku la pili likishuka, kiungo hupinda. Pistoni husukuma mafuta kwa shinikizo, mafuta huzungusha mota, mota huzungusha jenereta. Mwaka 2004, huko Orkney, nyoka huyu aliingiza umeme kwenye gridi ya taifa, wa kwanza duniani kufanya hivyo akielea bahari kuu. Uwezo wake ulikuwa kilowati 750. Hapo utasemaje kwamba ilishindikana?

Mwaka 2008 watatu walipelekwa Ureno. Baada ya miezi michache wakavutwa bandarini kwa hitilafu, na msukosuko wa fedha wa mwaka ule ukammaliza mwekezaji mkuu. Likaja toleo la pili, la mita 180. Novemba 2014 kampuni yenyewe ikaishiwa fedha.

Tatizo ni hesabu. Wimbi likiwa refu mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Mashine hupata riziki yake kwa mawimbi ya kila siku, lakini chuma na nanga zake lazima vihimili dhoruba ya siku chache kwa mwaka. Ni sawa na kununua lori la tani 30 kubebea gunia moja. Ikiharibika, fundi wa upepo hupanda ngazi. Wa mawimbi husubiri bahari itulie, akodi meli. Tena mitambo ya upepo ilianza midogo, ikauzwa, ikaboreshwa kidogo kidogo kwa miongo. Nyoka alitakiwa azaliwe mkubwa.

Wanaouliza kuhusu Mombasa na Mtwara: mawimbi yetu ni madogo kuliko ya huku, lakini vimbunga navyo hufika kwa nadra. Tofauti kati ya siku ya kawaida na siku mbaya ndiyo ya kupimwa, si ukubwa wa wimbi peke yake. Sijaona wengi wetu wakiichukua hiyo kuwa mada ya tasnifu.

Pelamis ilipoanguka, serikali ya Uskoti iliunda Wave Energy Scotland, ikachukua maarifa yake. Ripoti zake nyingi husomwa bure. Anzeni na zile za nanga.