Hiyo sindano ya tumbo ya WhatsApp, unajua kilichomo?

Wewe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, angalia status za watu saa hii. Hukosi anayeuza Ozempic ya kupunguza tumbo: tuma pesa kwa M-Pesa, bodaboda anakuletea mlangoni. Daktari hayumo kabisa.

Mimi chuo niliacha njiani, lakini kusoma sikuacha. Ukishakula mahamri na mbaazi zako, utumbo hutoa homoni inayoitwa GLP-1. Ikifika kwenye kongosho inakuta protini zinazoitwa vipokezi, zimekaa kama kufuli zikingoja ufunguo wake. Ufunguo ukiingia, kongosho inaachilia insulini ya kushusha sukari. Na ni pale sukari iko juu tu. Ikishuka, kazi inapoa. Yaani ina breki. Homoni yenyewe haidumu, dakika chache imeisha. Semaglutide, dawa iliyo ndani ya Ozempic, inafungua kufuli hiyo hiyo lakini inakaa mwilini hadi mtu adungwe mara moja kwa wiki.

Sasa njoo kwa feki. Oktoba 2023, nchini Austria, watu kadhaa walilazwa hospitalini baada ya kujidunga Ozempic ya bandia. Sukari ilishuka vibaya, na wakuu wa afya wakashuku ndani mlikuwa na insulini. Insulini ya sindano haina breki, iwe sukari iko juu au chini, yenyewe inashusha tu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likaonya dunia nzima kuhusu semaglutide feki.

Hata iwe ya kweli, kabla ya kufunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Yako imevuka feri kwenye begi la bodaboda, jua la saa saba la Mombasa!

Kinachoniuma zaidi ni mamangu mdogo, Mtongwe. Ana kisukari, na hata vijiti vya kupimia sukari hununua akipata. Dawa hii, iliyoanza kama dawa ya watu kama yeye, anaisikia kwa wapunguza tumbo. Septemba 2025 shirika hilo hilo liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari ambao pia wana ugonjwa wa moyo au figo na ni wanene. Basi serikali iilete kliniki za umma kwa bei ya mtu wa Mtongwe, na wauzaji wa status washikwe.

Na kama rafiki yako ameshajidunga, akaanza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, mpe soda yenye sukari kama bado anaweza kumeza, kisha mkimbize hospitali. Hiyo sindano nendeni nayo.