Mtumishi wa Isaya na Inadi ya Kuzuliwa

Mwandishi mwenzetu wa Kileleshwa ametufahamisha, kwa yakini kubwa, kwamba Mayahudi wote walimtambua Masihi katika mtumishi ateswaye wa sura ya 53 ya Isaya hata alipozuka Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa Maandiko, katika karne ya 11, akaigeuza tafsiri ili kuwakwepa Wakristo. Laiti angalibisha hodi katika sinagogi la University Way, ambalo haliko mbali naye, au angalifungua jibu la Origen kwa Celsus, angaliona kwamba mwanachuoni huyo wa Kikristo, aliyeandika karne ya 3, alijadiliana na Mayahudi waliokwisha kushika kwamba mtumishi ateswaye ni taifa zima lililotawanywa. Na sura ya 49 yamwita mtumishi Israeli kwa jina lake. Hoja Mkristo anayo, maana mtumishi huyo huyo atumwa kumrejesha Israeli, na Targumi, tafsiri ya kale ya Kiyahudi kwa Kiaramu, yamtaja Masihi waziwazi. Ama kudai kwamba Myahudi hukhitalifu kwa inadi tu, hilo ni tusi. Semei Kakungulu wa Mbale, Uganda, aliyeisoma Biblia ya wamishonari pasipo rabi wa kumnong'oneza, alitahiriwa mwaka 1919, akashika dini ya Kiyahudi na kuwaasisi Abayudaya, jumuiya ya Mayahudi wa huko. Mwandishi na atueleze, huyo alipotoshwa na Rashi yupi?