Tulipime Kwanza Bega la Mpuraji

Mvua zinapokwisha mkoani Singida, katika vijiji vya Iramba, Mkalama na Ikungi husikika mshindo wa fimbo. Ni wakati wa kupura alizeti. Mashine za kazi hiyo zipo, lakini ziko kaya ambazo zingali zikitandaza vichwa vilivyokauka na kuvipiga kwa mkono. Mkono huinuliwa juu ya bega na kushushwa kwa nguvu, kutwa nzima. Bega la mpuraji lastahili kupimwa, si kuhurumiwa tu.

Katika nchi za viwanda kumebuniwa kiunzi kinachovaliwa mwilini mfano wa koti, chenye springi za kuuinua mkono. Mwaka 2018 kampuni ya Ford ilitangaza kuvipeleka viunzi hivyo katika viwanda vyake 15 vilivyomo katika nchi 7, kwa ajili ya wafanyakazi wanaofunga sehemu za magari juu ya vichwa vyao. Faida yake hupimwa kwa elektrodi zinazobandikwa juu ya ngozi ya bega. Msuli ukikaza hutoa umeme mdogo mno. Umeme huo hulinganishwa na ule utokao mtu anapoukaza msuli huohuo kwa nguvu zake zote, ukaandikwa kwa asilimia. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilibandikwa elektrodi hizo mimi mwenyewe, nikastaajabu kuona tarakimu zikibadilika kwa kuzisogeza upana wa kidole tu.

Kipimo hiki hujibu lile tu kilichoulizwa. Fundi ashikaye bisibisi juu ya kichwa ahitaji mkono ubaki juu, na springi humsaidia. Mpuraji ahitaji mkono ushuke kwa nguvu. Springi ileile itampinga, na misuli ya mgongo na ya nyuma ya mkono itabidi kuishinda. Mtafiti aliyebandika elektrodi mbele ya bega peke yake ataandika kwamba kazi imepungua (taarifa za namna hiyo huwapendeza sana wauzaji), ilhali mpuraji atarudi nyumbani amechoka zaidi.

Mwaka 1986 Profesa G.M.O. Maloiy wa Kenya na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya oksijeni waliyoitumia wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wakitembea na mizigo. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi hayo. Matokeo yale yamebishaniwa baadaye, lakini swali lilizaliwa katika kazi ya wanawake hao wenyewe.

Kabla ya mradi wowote kuleta viunzi vijijini, wahandisi na matabibu wa vyuo vyetu hawana budi kwenda uwanjani msimu wa kupura, wakiwa na elektrodi za bega, za mgongo na za kiuno. Wapime fimbo fupi na ndefu, mpuraji aliyesimama na aliyeketi, alizeti iliyokauka vema na ile yenye unyevu. Yamkini siku 2 zaidi za jua zikampumzisha mpuraji kuliko springi yoyote.