Gurudumu Jepesi, Elimu Nzito

Miongoni mwa ushauri ambao kijana wa bodaboda mjini Ruiru au Thika hupewa na wenzake anapotaka pikipiki yake iwe nyepesi wa mwendo, umo huu wa kupunguza uzito wa flaiwili. Huambiwa kwamba kazi yenyewe ni ndogo: afungue kifuniko cha injini nyumbani, alitoe gurudumu hilo, alipeleke kwa fundi likerezwe, kisha alirudishe mahali pake. Sina nia ya kuwakejeli wanaotoa ushauri huo. Ninalotaka kuuliza ni kwa nini maarifa ya kuupima hayamfikii kijana huyo, ilhali yanafundishwa kila mwaka katika shule zilizo mita chache kutoka kwenye gereji hizo.

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye ncha ya kombo la injini. Pikipiki nyingi za bodaboda zina pistoni moja, nayo hufanya kazi nne kwa zamu: hufyonza hewa na petroli, huibana, husukumwa na mwako, kisha hutoa moshi. Katika hatua hizo nne ni moja tu inayozaa nguvu. Nyingine tatu hutegemea nishati iliyowekwa akiba katika gurudumu linalozunguka. Mtoto aliyewahi kucheza pia anaujua ukaidi huu wa kitu kinachozunguka, ambao wataalamu huuita inesha. Isitoshe, ndani ya gurudumu hilo mna sumaku zinazosaidia kuzalisha umeme wa taa, wa betri na wa plagi.

Likipunguzwa uzito, injini hupandisha mizunguko upesi, na mwendeshaji hudhani kwamba amepata nguvu mpya. La hasha! Nguvu itokayo kwenye mwako ni ile ile; kilichopungua ni akiba tu. Wanaoshindana katika viwanja vya mbio huweza kufaidika na hali hiyo, kwa kuwa injini zao huzunguka kwa kasi wakati wote. Kinyume chake, wanaoendesha pikipiki za mashindano kwenye matope na miamba wakati mwingine huongeza uzito wa flaiwili ili injini isizimike ovyo. Sasa bodaboda aliyebeba abiria na gunia la viazi, anayepanda kilima chenye matope mara baada ya mvua, amfuate nani kati ya hao wawili? Jibu liko wazi.

Kuna na hatari nyingine. Gramu moja ya chuma iliyo sentimita 5 kutoka katikati ina inesha mara 25 ya gramu iliyo sentimita 1, kwa hiyo kosa dogo la kukereza ukingoni ni kosa kubwa. Chuma kikitolewa upande mmoja zaidi ya mwingine, injini hutetemeka na beringi huharibika. Anayeling'oa gurudumu kwa nyundo badala ya kifaa chake maalumu huweza kupinda kombo au kubandua sumaku. Akilirudisha bila kukiweka sawa kile kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, cheche haitatokea kwa wakati wake. Tena gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 11, likizunguka mara 8,000 kwa dakika, ukingo wake huenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Chuma kilichodhoofishwa kikipasuka kwa kasi hiyo, mguu wa mwendeshaji u karibu mno.

Hesabu hizi si siri. Mwanafunzi wa Fizikia anaweza kuzifanya akiwa darasani. Lakini anazifanya kwa Kiingereza, na kwa ajili ya mtihani. Fundi naye hunena Kiswahili, Gikuyu au Sheng', na mkono wake unajua mengi ambayo kitabu hakiyataji. Wawili hawa huishi mtaa mmoja bila kukutana. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha. Dai hilo limepitwa na wakati. Neno kukereza ni la kale, nalo kerezo ndilo jina la mashine yenyewe. Mafundi wamekwisha kuzipa uraia spana, gia, klachi na beringi, kama vile wahenga walivyolipokea neno meza kutoka kwa Wareno. Huko Dar es Salaam, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mnamo 1990. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kilichokosekana ni matumizi.

Thika ni mji wa viwanda, na Juja, iliyo kati yake na Ruiru, ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia. Hatuna udhuru. Mwalimu wa Fizikia na mwenzake wa Kiswahili wawapeleke wanafunzi gerejini siku moja katika muhula. Wanafunzi wayaandike maneno ya mafundi jinsi yanavyosemwa, kisha waeleze kwa Kiswahili, mbele ya mafundi hao hao, kwa nini gurudumu lile ni zito. Fundi atapata sababu ya jambo ambalo mkono wake ulikuwa ukilihisi tu. Mwanafunzi atagundua kwamba kanuni aliyoikariri ina harufu ya oili.

Pikipiki ya bodaboda mara nyingi ni mali ya mkopo, na injini yake ndiyo sufuria ya watoto. Anayetaka kuikereza ana haki ya kujua, kwa lugha anayoielewa, kile anachokipunguza.